Kutumia Dawa Vibaya Maana Yake Ni Nini?

Huenda umekutana na neno la Kiingereza “misuse” katika karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya dawa. Wengi hudhani linawahusu wavuta bangi tu. Sivyo. Kitenzi hiki maana yake ni kukitumia kitu isivyopaswa, hata kama nia ni njema. Kwa yule anayemeza dawa ili alewe, Waingereza huwa na neno jingine, “abuse”. Basi hata mama mwenye mapenzi makubwa kwa mtoto wake aweza kutumia dawa vibaya bila kujua.

Tutazame mambo matatu yanayotokea majumbani mwetu:

1. Kukatiza dawa. Dawa mseto ya malaria humezwa kwa siku 3. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa akiba. Homa imeondoka, lakini vimelea bado vimo damuni.

2. Kumeza “rangi mbili” kwa ajili ya mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi.

3. Kuzidisha. Mtu mzima asimeze zaidi ya vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24, kwa maana kuzidisha huharibu ini. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alituonya mapema. Mwaka 1945, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, alitoa mfano wa mume mwenye maumivu ya koo. Mume huyo alijinunulia penisilini, akatumia kidogo isiyotosha kuua vijidudu, bali ya kuvifundisha kuizoea dawa. Kisha akamwambukiza mkewe. Mke alipotibiwa kwa penisilini ile ile, haikufaa kitu, akafa. Kosa lilikuwa la mume. Aliyelipa ni mke.

Kwa hiyo tufanye hivi: tupime kabla ya kumeza, tufuate kiasi na siku tulizoelekezwa, tusigawiane dawa na jirani, na mabaki tuyarudishe zahanati au duka la dawa. Dawa ikikudhuru, usiikatize kimya kimya, rudi kwa mganga umweleze.

Dawa unayoitumia vibaya leo yaweza kukataa kumponya mwanao kesho.