Joto Ndilo Linaloua Tairi

Boeing 737 iliyojaa abiria hukanyaga lami ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 250 kwa saa hivi. Sekunde moja kabla ya hapo matairi yake yalikuwa yananing'inia hewani bila kuzunguka. Yanagusa lami, moshi unafuka, na papo hapo yanatakiwa yazunguke kwa kasi ileile ya ndege, yabebe makumi ya tani, kisha rubani aanze kukamata breki. Na bado ni nadra kusikia tairi la ndege limepasuka. Huku chini, saluni yenye watu watano na gunia la viazi kwenye buti inapasua tairi njiani kabla ya Segera, na hakuna anayeshangaa.

Wengi watasema tairi la ndege ni imara zaidi, na kweli ni imara. Lakini hata hilo, kwa uimara wake wote, halivumilii upepo mdogo. Watu wa ndege wanalijua hilo kwa sababu wamelilipia kwa roho za watu.

Julai 11, 1991, ndege aina ya DC-8 ya kampuni ya Nationair ya Kanada iliruka kutoka Jeddah ikiwarejesha mahujaji Sokoto, Nigeria. Mafundi walikwishajua kwamba matairi mawili yana upepo pungufu. Nitrojeni ya kuyajazia haikupatikana kwa wakati, safari ilikuwa inachelewa, ndege ikaondoka hivyo hivyo. Tairi lenye upepo mdogo lilimwachia jirani yake mzigo, jirani akapata joto, akapasuka wakati ndege inakimbia ardhini. Msuguano ukawasha moto, na magurudumu yakakunjwa kuingia tumboni mwa ndege yakiwa yanawaka. Watu wote 261 walikufa. Ndege nzima iliteketea kwa ajili ya upepo ambao ungejazwa kwa dakika chache.

Sasa turudi kwenye gari lako. Tairi la 195/65R15, lile linalovaliwa na saluni nyingi za wastani, lina mzingo wa karibu mita 2. Maana yake linazunguka kama mara 500 kila kilomita. Ukikimbiza 100 kwa saa, kila sehemu ya ubavu wake inabonyea na kunyooka mara 14 kwa sekunde. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua harakaharaka pale pale, halafu uguse ulipokunja: utaelewa joto linatoka wapi. Upepo ukiwa pungufu, ubavu unabonyea zaidi kila mzunguko, na joto linapanda zaidi. Joto likizidi, mpira unaoshikanisha kashata na nyuzi za chuma zilizo chini yake unalegea. Kashata inabanduka, au ubavu unachanika. Dereva atasimulia kwamba tairi lilipasuka ghafla. Halikupasuka ghafla, lilikuwa linaiva tangu Chalinze.

Marekani walijifunza hili kwa kishindo. Mwaka 2000 Firestone iliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka kwenye mwendo mkali na magari kupinduka. Matairi yalikuwa na kasoro zake, lakini mabishano makubwa yalikuwa juu ya upepo: Ford ilikuwa imeelekeza psi 26 tu. Kutokana na sakata hilo Bunge la huko lilitunga sheria, na ndiyo asili ya ile taa ya njano yenye alama ya mshangao inayowaka kwenye dashibodi upepo unapopungua. Magari mengi tunayoagiza Japani yalitengenezwa kwa soko la ndani la huko, na taa hiyo hayana. Usikae ukiisubiri.

Badala yake tuna teke. Sijui nani alitufundisha kupima upepo kwa kiatu. Tairi la kisasa limeundwa litune kidogo ubavuni hata likiwa na upepo kamili, kwa hiyo macho hayatakusaidia, na mguu ndio kabisa. Tairi la psi 22 na la psi 33 yakipigwa teke hujibu vilevile.

Namba sahihi ya gari lako haiko kichwani mwa kijana wa mashine ya upepo. Yeye atakuuliza, "Niweke ngapi, bosi?" na ukisitasita atakuwekea 40 zake. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ambako mlango unafungia. Kuna kibandiko. Kwenye magari ya Japani maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini namba hazina lugha: utaona saizi ya tairi, na pembeni yake kitu kama 230 kPa, au 2.3. Hiyo ni psi 33. Kila kPa 100 ni psi 14.5, piga hesabu kwenye simu yako. Usichukue namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe. Ile ni kikomo chake, na haijui limefungwa kwenye gari gani.

Jambo la pili ni saa ya kupima. Kibandiko kinazungumzia tairi la baridi, yaani gari limelala usiku kucha au limesimama saa kadhaa. Hewa ikipata joto hutanuka: kila nyuzi 10 huongeza psi moja na nusu hivi. Ndiyo maana ukipima Morogoro baada ya kutoka Dar es Salaam mchana utakuta psi 38 au zaidi, na fundi atakushauri utoe kidogo "lisije likapasuka." Usikubali. Ukitoa upepo tairi likiwa la moto, kesho asubuhi litakuwa na upungufu, na upungufu ndio unaoleta hilo joto unalolikimbia.

Na nitrojeni je, ile inayouzwa siku hizi kwa bei ya juu kuliko upepo wa kawaida? Kwenye ndege ina sababu yake. Machi 31, 1986, Boeing 727 ya Mexicana ililipukiwa na tairi ndani ya tumbo lake muda mfupi baada ya kuruka kutoka jiji la Mexico. Breki ilikuwa imepata joto kupita kiasi na tairi lilijazwa hewa ya kawaida. Joto kali na oksijeni ndani ya tairi vikafanya kazi yao, na watu 167 wakafa. Tangu hapo nitrojeni ikawa lazima. Magurudumu ya ndege yana hata vizibo vidogo vya madini vinavyoyeyuka joto likipita kiasi, ili upepo utoke taratibu kabla ya mlipuko. Ni ubunifu ninaoupenda kuliko injini zote. Lakini saluni yako haikunji magurudumu tumboni, na hewa unayovuta sasa hivi tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78. Ukipewa bure, pokea. Pesa yako nunua geji.

Kuna bidhaa moja ambayo siwezi kumaliza makala bila kuilaani. Ni tairi la mtumba lenye neno STUDLESS ubavuni. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umelainishwa makusudi usikakamae kwenye baridi ya Hokkaido. Kwenye lami ya Dodoma saa saba mchana linalainika kupita kiasi, linalika upesi na breki haishiki vizuri, hasa barabara ikilowa. Muuzaji atakuonyesha kashata nene, na kweli ni nene. Msikilize kwa adabu, halafu tafuta ubavuni tarakimu nne zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini, kwa mfano 2319: wiki ya 23, mwaka 2019. Zisipoonekana upande wa nje, geuza tairi. Michelin wanashauri tairi lisitumike kupita miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata zimebaki, na tairi la mtumba limeshatumia sehemu ya miaka hiyo kwa mwenzako.

Geji ya mkononi inauzwa kwenye maduka ya spea, na ni ndogo kiasi cha kukaa kwenye droo ya dashibodi. Nunua leo. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, pima matairi yote manne, na la spea ulipime pia.