Usanifu na Uundaji wa Bampa la Winchi kwa Magari ya Njia Mbovu: Mfano wa Mazingira ya Galula, Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna bampa la chuma linalobeba winchi linavyosanifiwa na kuundwa katika karakana ndogo, kwa kuzingatia mazingira ya Galula. Hoja kuu ni kwamba usalama wa bampa hautokani na unene wa chuma peke yake, bali na njia ambayo kani ya winchi inapitia hadi kufika kwenye chasisi. Ukokotozi unaonesha kuwa kushusha winchi kwa sentimita kumi hupunguza mkazo kuliko kuongeza unene wa bamba kutoka milimita 6 hadi 10.

1.0 Utangulizi

Galula imo katika Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Eneo hilo liko katika Bonde la Rukwa, sehemu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako Mto Songwe unateremka kuelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoa maji yake. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa uko karibu mita 800. Maji yanayoteremka hubeba udongo na kuutandaza bondeni. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo wa mfinyanzi hulowa, hunata na kushika magurudumu.

Katika hali hiyo winchi si pambo. Gari linalobeba mgonjwa, mbegu au vifaa vya machimbo likikwama, winchi ndiyo inayoamua iwapo safari itaendelea. Lakini winchi iliyofungwa vibaya ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na winchi kabisa. Bampa likichomoka wakati kamba imekazwa, kipande cha chuma hurushwa kuelekea kwa watu, na aghalabu watu hao ni wale waliojitokeza kusaidia. Bampa, basi, lichukuliwe kuwa kiungo cha usalama.

2.0 Uchaguzi wa Winchi na Kani Inayotarajiwa

Kanuni ya vitendo inayotumika sana ni kuwa uwezo wa winchi usipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari lililojaa. Gari lenye uzito wa jumla wa kilo 3,300 linahitaji winchi ya kilo 4,950 au zaidi. Kwa kuwa winchi nyingi huuzwa kwa vipimo vya pauni, ile ya pauni 12,000, sawa na kilo 5,443, inafaa. Kani yake ya juu kabisa ni takribani kilonyutoni 53.4.

Kiwango hicho hupatikana kamba ikiwa kwenye tabaka la kwanza la ngoma tu. Kadiri tabaka zinavyoongezeka, nusu kipenyo ya mzunguko hukua na kani ya kuvuta hupungua. Msanifu wa bampa hapaswi kuutumia upungufu huo kama kisingizio cha kutumia chuma dhaifu, kwa sababu dereva anaweza kuifungua kamba karibu yote siku ambayo mti wa kufungia uko mbali. Bampa lisanifiwe kwa kani ya juu kabisa.

3.0 Njia ya Kani Kutoka Kambani Hadi Chasisini

Kani huanzia kwenye kamba, huingia kwenye ngoma, hupita kwenye bolti nne za winchi, hufika kwenye kitako cha bamba, kisha husambazwa kwenye mikono miwili inayofungwa katika ncha za chasisi. Winchi nyingi za ukubwa huu hufungwa kwa matundu manne yenye umbali wa milimita 254 kwa 114.3. Kitako hicho kiwe cha bamba la milimita 6 au zaidi. Sehemu za uso zinazofunika winchi tu, zisizobeba kani, zinaweza kuwa za milimita 3 au 4.

Kamba ikivuta moja kwa moja mbele, kila mkono hupokea nusu ya kani, yaani kilonyutoni 26.7. Chukuliwa mkono wa bamba la milimita 6 lenye kimo cha milimita 150. Eneo la mkato wake ni milimita za mraba 900, hivyo mkazo wa kuvutwa pekee ni takribani nyutoni 30 kwa milimita ya mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kunyumbuka kwa kudumu kwenye nyutoni 235 hadi 275 kwa kipimo hicho hicho. Kwa hesabu hii, bampa linaonekana kuwa salama mno.

Tatizo hujitokeza kamba inapokuwa juu kuliko mstari wa kati wa mkono. Tofauti ya kimo ikiwa milimita 150, kani huzaa mpindo wa takribani kilonyutoni-mita 4 katika kila mkono. Mkazo wa mpindo huo ni nyutoni 178, na ukijumlishwa na ule wa kuvutwa hufika 208. Akiba iliyobaki kabla ya chuma kunyumbuka ni ndogo. Fundi akitumia bamba la milimita 10, jumla hushuka hadi 125. Lakini akibaki na bamba la milimita 6 na kushusha winchi hadi tofauti ya kimo iwe milimita 50, jumla hushuka hadi 89, bila kuongeza hata kilo moja ya chuma. Hivyo mahali pa winchi pana uzito katika usanifu kuliko unene wa bamba.

Hatari huzidi kapi linapotumika. Kamba ikizungushwa kwenye kapi lililofungwa mtini na ncha yake kurudishwa kwenye gari, gari huvutwa na kamba mbili. Winchi ikifika uwezo wake wote, kani huwa kilonyutoni 106.8. Ikiwa ncha hiyo imefungwa kwenye bampa lenyewe, kwa kimo kile kile cha milimita 150, mkazo katika mkono wa milimita 6 unapita nyutoni 400, na chuma laini hakiwezi kuuhimili. Kwa hiyo kulabu ya kupokea ncha ya kamba ifungwe moja kwa moja kwenye chasisi, kwa njia isiyopitia mikono ya bampa.

Mvuto wa pembeni nao huvunja mgawanyo sawa wa kani, kwani mkono mmoja hubeba zaidi ya mwingine. Mhimili wa bomba unaounganisha mikono yote miwili nyuma ya winchi husaidia kuizuia isisukumwe upande.

4.0 Hatua za Uundaji

Hatua ya kwanza ni kupima gari likiwa limesimama mahali tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kielelezo cha karatasi ngumu hukatwa na kujaribiwa kabla ya chuma kuguswa. Kielelezo hicho hubainisha mambo matatu: nafasi ya hewa kuingia kwenye rejeta, pembe ya mbele ya kupandia kingo, na uwezo wa kufikia mpini wa klachi ya winchi. Katika bonde lenye joto kama la Rukwa, bampa linaloziba rejeta huchemsha injini wakati ambapo gari linakwenda polepole na winchi inafanya kazi.

Matundu ya bolti yatobolewe kwa keekee, si kwa moto, kwa sababu tundu la moto huwa na kingo zenye mikwaruzo ambako nyufa huanzia. Mikono ifungwe kwenye chasisi kwa bolti za daraja la 8.8 au zaidi, pasipo kuchomelewa. Kuchomelea chasisi hubadili sifa za chuma chake na huzuia bampa kufunguliwa kwa matengenezo.

Mshono wa uchomeleaji wenye mguu wa milimita 6 na urefu wa milimita 100 una eneo la koo la takribani milimita za mraba 420. Kwa mkazo wa tahadhari wa nyutoni 100 kwa milimita ya mraba, hubeba kilonyutoni 42. Hivyo mshono mzima hautakuwa kiungo dhaifu kwa mvuto wa moja kwa moja. Udhaifu hutokana na ubora: vijiti vilivyoloa wakati wa masika, jenereta yenye umeme unaopanda na kushuka, na mshono uliotandazwa juu ya kutu au rangi. Vijiti vihifadhiwe pakavu, kingo za bamba nene zichongwe kwa mshazari, na kila mshono usafishwe magamba kabla ya kuwekwa mwingine juu yake. Uchomeleaji wowote unaofanyika bampa likiwa kwenye gari utanguliwe na kutenganisha betri.

Umeme wa winchi unahitaji uangalifu sawa. Winchi ya volti 12 inaweza kuvuta mkondo unaokaribia ampea 400 ikiwa na mzigo kamili, kiasi kinachopita uwezo wa jenereta ya gari. Nyaya ziwe nene, zipite mbali na kingo kali, na uvutaji ufanywe kwa vipindi injini ikiwa inanguruma.

5.0 Uzito, Ukaguzi na Majaribio

Bampa na winchi vyenye jumla ya kilo 110, vikiwa mita 0.8 mbele ya ekseli ya mbele, huongeza kilo 138 kwenye ekseli hiyo na kupunguza kilo 28 nyuma, kwa gari lenye umbali wa mita 3.18 kati ya ekseli, kama Land Cruiser 79. Springi za mbele zikaguliwe kwa kuzingatia kiasi hicho. Kwa magari yenye mifuko ya hewa, bampa gumu hubadili namna kishindo kinavyofika kwenye vihisishi, hivyo maelekezo ya mtengenezaji hayana budi kufuatwa.

Karakana isiyo na vifaa vya maabara bado ina njia ya kubaini nyufa. Upande mmoja wa mshono hupakwa chokaa na kuachwa ukauke, kisha upande wa pili hupakwa mafuta ya taa. Mafuta yakipenya, doa huonekana kwenye chokaa. Njia hii hubaini nyufa zinazopenya pande zote mbili tu. Hivyo jaribio la kuvuta kwa kani inayoongezwa hatua kwa hatua, watu wakiwa mbali na mstari wa kamba, bado ni la lazima. Baada ya kila hatua bolti hukaguliwa, na rangi iliyopasuka karibu na mshono huchukuliwa kuwa dalili ya chuma kilichonyumbuka.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa maamuzi matatu yana athari kubwa kuliko unene wa chuma: kuiweka winchi karibu na kimo cha chasisi, kuitenga kulabu ya kamba inayorudi, na kusimamia ubora wa mshono. Maamuzi hayo hayahitaji mashine ghali. Yanahitaji kipimo, hesabu fupi na nidhamu, mambo yanayoweza kuingizwa katika mafunzo ya uchomeleaji yanayotolewa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na katika ushauri wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Utafiti zaidi unaweza kupima mikono ya bampa hadi ivunjike, ili hesabu zilizotolewa hapa zilinganishwe na matokeo ya vitendo.