Mtoto Ameitwa Kusomea Udaktari wa Fasihi: Kikundi Kichange Nini?



Zamani kadi ya harambee ilikuwa ya matanga, ya hospitali, au ya karo ya sekondari. Siku hizi zinakuja kadi za mambo ambayo wazazi wetu hawakuyajua. Kijana au binti aliyemaliza digrii pale Maseno au Nairobi anafika kwa mwenyekiti na barua ya kutoka Marekani. Ameitwa kusoma PhD katika fasihi ya Kiingereza. Mweka hazina anaulizwa: kikundi kitatoa ngapi? Wanachama wanaangaliana. Wengi hawajui wanachangia kitu gani na wanaona haya kuuliza. Makala hii ni ya kuwasaidia kuuliza.

PhD ni digrii ya udaktari, ile ya juu kabisa. Lakini si udaktari wa sindano. Mama mmoja aliniuliza kama huyo mtoto akirudi atafungua kliniki hapa Ahero. Hapana, mama. Huyu anasomea vitabu, mashairi, michezo ya kuigiza na hadithi, halafu anaandika kitabu chake kizima cha utafiti, mpaka wakubwa wa somo hilo wakubali kwamba ameongeza jambo ambalo halikujulikana. Kazi yake ya kawaida ni kufundisha chuo kikuu.

Wazee nao huuliza: fasihi ya Kiingereza si mambo ya Waingereza? Swali hili ni zuri, na lilikwisha kuulizwa na watu wakubwa. Mwezi wa Oktoba 1968 walimu watatu wa chuo cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika wakitaka idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pawekwe idara ambayo Afrika iko katikati, pamoja na hadithi na nyimbo za mdomo. Baadaye mambo yakabadilika kweli. Mwaka huohuo wa 1968, hapa kwetu, Okot p'Bitek kutoka Gulu alikuwa Kisumu akifanya kazi ya elimu ya watu wazima ya chuo, akaanzisha tamasha la sanaa la Kisumu. (Huyo Okot mwenyewe alipeleka utafiti wake wa udaktari kule Oxford ukakataliwa mwaka wa 1970. Vitabu vyake bado vinasomwa.)

Kwa hiyo leo mtoto anaweza kwenda Marekani katika idara inayoitwa ya Kiingereza na akafanya utafiti juu ya Grace Ogot wa Asembo, aliyeandika habari za watu wa Seme kuvuka kwenda Tanganyika katika kitabu chake cha 1966, na aliyetoa Miaha kwa Dholuo mwaka wa 1983. Anaweza kuchunguza jinsi hadithi ya Simbi Nyaima inavyosimuliwa Kendu Bay na jinsi inavyobadilika ikiandikwa. Kina mama wanaojua hadithi hizo wana hazina ambayo chuo cha mbali hakina. Mtoto akiwasumbua na kinasa sauti, mvumilieni.

Na wamekwenda watu wetu wa Kenya wakafika mbali. Micere Githae Mugo alipata PhD yake katika chuo cha New Brunswick, Kanada, mwaka wa 1973, akarudi kufundisha Nairobi kabla ya kulazimika kukimbia nchi mwaka wa 1982. Simon Gikandi alimaliza Nairobi mwaka wa 1979, akapata PhD Northwestern, Marekani, mwaka wa 1986, na mwaka wa 2019 akawa rais wa chama kikubwa cha walimu wa lugha na fasihi cha kule.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo vikundi huumia.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: katika vyuo vizuri vya Marekani, mwanafunzi wa PhD ya fasihi halipi karo. Chuo kinamsamehe karo, mara nyingi kinamlipia bima ya matibabu, na kinampa posho ya kuishi kwa miaka mitano au zaidi. Posho hiyo inatofautiana. Kuna vyuo vinavyotoa karibu dola 20,000 kwa mwaka, na vingine vinapita 40,000. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo yeye anafanya kazi ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa digrii jinsi ya kuandika insha, au kumsaidia profesa kusahihisha. Hiyo si sadaka, ni mshahara mdogo wa kazi.

Kwa hiyo mtoto akileta barua ya kuitwa isiyotaja posho wala msamaha wa karo, halafu anaomba kijiji kichange shilingi milioni nne za mwaka wa kwanza, kikundi kisitoe hata kidogo. Nasema hivyo bila kuzunguka. Mwaka wa kwanza ukiisha, wa pili utalipwa na nani? Masomo haya huchukua miaka sita au saba, na wengine huzidi. Tena digrii yenyewe haina mshahara mnono mbele yake ambao utarudisha mamilioni hayo. Nafasi za kufundisha fasihi kule Marekani zimepungua sana tangu mwaka wa 2008. Afadhali mtoto huyo aombe tena mwaka ujao.

Barua nzuri husema waziwazi mambo matatu: karo imesamehewa, posho ni kiasi gani kwa mwaka, na ni kwa miaka mingapi. Mwiteni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya karibu asome barua mbele ya mkutano wote, sentensi kwa sentensi, na aeleze. Aangalie pia kama imetoka kwa chuo chenyewe au kwa wakala. PhD haihitaji wakala. Mtu akisema alipwe kwanza ili "afanye mpango" wa nafasi, huyo anauza hewa. Mwaka wa 2023 tuliona ya Uasin Gishu. Ule haukuwa mpango wa PhD, lakini tujifunze. Wazazi walikuwa wamelipa pesa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Canada. Wengine hawakusafiri kabisa, na wengine waliokuwa wamefika Finland wakaambiwa karo yao haijaingia. Wazazi wakaandamana Eldoret, na kesi ikafika mahakamani.

Basi mtauliza, kama chuo kinalipa kila kitu, harambee ni ya nini? Iko kazi, na ni kubwa, lakini iko mwanzoni kuliko watu wanavyofikiri.

Kutuma maombi kwenyewe kunakula pesa. Kila chuo kinatoza ada ya fomu, kama dola 50 hadi zaidi ya 100. Mtoto akiomba vyuo vinane, na dola moja ni kama shilingi 130, anaweza kufika laki moja kabla hajajibiwa na mtu yeyote. Vyuo vingi vina njia ya kusamehe ada hiyo kwa mtu asiyejiweza, lakini lazima aandike barua pepe kuomba, mapema, kabla ya kulipa. Wengi wetu tuna tabia ya kuona aibu kuomba msamaha wa ada. Tafadhali aombe. Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, unapita shilingi 20,000. Hapa napo auliize kwanza, kwa sababu vyuo vingine humwachilia mtu aliyesoma digrii yake yote kwa Kiingereza. Mtihani mwingine, GRE, idara nyingi za fasihi hazidai tena, na ule wa GRE wa fasihi ulifungwa kabisa mwaka wa 2021. Mtu asimuuzie mtoto wenu vitabu vya kujiandaa kwa mtihani ambao haupo.

Kizuizi kikubwa zaidi nimekikuta hapa nyumbani. Chuo cha Kenya hakitoi cheti wala nakala ya alama kama mwanafunzi bado ana salio la karo. Mtoto ana kichwa, ana barua za walimu, lakini anadaiwa elfu thelathini na tano, na cheti kimelala kwa msajili. Kama kikundi kina pesa kidogo na kinataka zifanye kazi, zilipie salio hilo. Hata nafasi ya Marekani isipopatikana, cheti kitamfaa kuomba kazi ya ualimu. La pili ni majina. Kwetu mtu anaitwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa, vile kwenye KCSE, na kitambulisho kina mpangilio mwingine tena. Arekebishe hayo mwaka mzima kabla, si wiki ya kwenda kuomba viza.

Vitu vinavyompa mtu nafasi havinunuliwi kwa harambee. Kuna insha ya uchambuzi, kurasa kama 15 hadi 25, ambayo lazima iwe kazi yake nzuri kuliko zote. Kuna barua tatu za walimu waliomfundisha na wanaomjua kweli. Walimu hawa wana shughuli nyingi, kwa hivyo awape miezi miwili na awakumbushe kwa heshima. Na kuna maelezo ya kurasa mbili hivi ya utafiti anaotaka kufanya. Hapo vijana wengi huandika kwamba wamependa vitabu tangu utotoni na wanatoka familia maskini. Kamati haichagui kwa huruma. Inataka kujua ana swali gani, amesoma nini juu yake, na kwa nini anataka chuo hicho na wala si kingine. Lile swali la Simbi Nyaima lingewafanya wasome ukurasa wa pili.

Tarehe za mwisho huwa kati ya Desemba na mwanzo wa Januari. Majibu huja Februari na Machi. Vyuo vingi vya kule vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye posho ana mpaka tarehe 15 Aprili kuamua, kwa hiyo asikubali kusukumwa. Na wazazi wajue kwamba kukataliwa ni jambo la kawaida. Idara moja inaweza kupokea mamia ya maombi na kuchukua watu kumi tu. Tena milango imebana: Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Boston kilitangaza kusimamisha kuchukua wanafunzi wapya wa PhD katika fasihi ya Kiingereza na masomo mengine kadhaa kwa mwaka uliofuata. Mtoto akirudi mikono mitupu, msimcheke sokoni.

Akipata, sasa ndipo kadi zichapishwe. Kuna ada ya serikali ya Marekani ya kumsajili mwanafunzi, dola 350, na ada ya viza, dola 185. Kuna nauli ya ndege. Na kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi: anafika Agosti, lakini posho ya kwanza inaweza kuingia mwisho wa Septemba, na mwenye nyumba anataka kodi pamoja na amana siku ya kwanza. Hiyo miezi miwili ndiyo hatari. Mwaka wa 1959, ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilipobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, marafiki wa kule walilipia ndege, vyuo vikatoa skolashipu, na nyumbani watu wakachanga pesa za matumizi. Mgawanyo huo bado ni mzuri. Ada hizo mbili, nauli, kodi ya mwanzo, sufuria na koti la baridi: hizo ni hesabu ambazo kikundi kinaweza kuziona na kudai risiti.

Akishafika, msitarajie dola kila mwezi. Kodi ya nyumba inakula karibu nusu ya posho, na viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi ovyo nje ya chuo. Miaka miwili ya kwanza yuko darasani, pengine vitabu vitatu kwa wiki, halafu mitihani mikubwa, halafu utafiti. Wengi huingiwa na upweke wakati wa baridi. Amwulize kasisi wa chuo mahali pa Misa wiki ileile anayofika.

Uingereza ni tofauti: huko mtu huandika mpango wa utafiti na kutafuta msimamizi kwanza, masomo ni miaka mitatu au minne, lakini karo hulipwa isipokuwa mtu apate skolashipu, kama ile ya Jumuiya ya Madola. Hapa Kenya pia PhD ya fasihi inasomwa, Maseno ikiwa karibu kabisa nasi. Karo analipa mwenyewe, lakini anaweza kuendelea kufundisha sekondari huku akisoma, akalala kwake. Kwa mama mwenye watoto wadogo, mimi huwa nashauri aulize Maseno kwanza.

Mkiamua kutoa, andikeni kama mkopo au kama zawadi, moja kati ya hizo mbili, na isomwe mbele ya wazazi wake. Kama ni mkopo, usitozwe ile riba ya asilimia kumi kwa mwezi ya mikopo yetu ya mezani. Itamnyonga. Mpeni mpaka posho ya mwaka wa kwanza iishe, kisha aanze kurudisha kidogo kidogo. Wenye barua wanayotaka isomwe waje nayo ofisi ya maendeleo parokiani, barua halisi na si picha ya simu, na mwenye mtoto aje na mtoto.