Kiruna: Mji Uliozaliwa na Mgodi

Kila mji una mama aliyeuzaa. Iko miji iliyozaliwa na bandari, iko iliyozaliwa na soko, na iko iliyozaliwa na njia panda za wasafiri. Mji wa Kiruna, ulio kaskazini ya mbali katika nchi ya Uswidi, ulizaliwa na mgodi wa chuma. Na mama huyo aliyeuzaa ndiye leo anayeula. Habari zake zastahili kusomwa na kila mfanyakazi, kwani zaleta swali lisilowahusu Waswidi peke yao: mtu akipewa nyumba, shule na hospitali na yule yule ampaye kazi, je, vitu hivyo ni vya nani?

Nchi ya Baridi na Giza

Kiruna iko kiasi cha kilomita 140 ndani ya eneo la Aktiki, ambako jua halifuati desturi tuliyoizoea. Tangu mwisho wa Mei hata katikati ya Julai jua halituki kabisa, na watoto hulazwa mchana mweupe kwa kufunga mapazia mazito. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka, na kwa muda wa wiki tatu hivi jua halichomozi. Saa sita ya mchana huonekana mwanga wa samawati tu, kama wa alfajiri isiyofika. Theluji huanguka tangu Oktoba hadi Mei, na baridi yaweza kushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwenye gari huliunganisha na umeme usiku ili injini isigande, na wazee huenda dukani wakisukuma kiti kilichowekwa juu ya vyuma virefu viwili viteleza vyo juu ya barafu.

Wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo ni Wasami, wafugaji wa kulungu wa baridi. Jina lenyewe la mji limetokana na ndege afananaye na kwale, ambaye manyoya yake hugeuka meupe wakati wa theluji. Habari ya kuwa milima ile imejaa chuma ilijulikana tangu karne ya 17, lakini chuma kile kilichanganyika na fosforasi nyingi, na viwanda vya siku zile havikuweza kukitumia. Mwaka 1878 Waingereza walivumbua namna ya kukisafisha, na mwaka 1890 ikaundwa kampuni ya LKAB. Mwaka 1902 reli ilifika Narvik katika Norwei, bandari isiyoganda kwa kuwa mkondo wa bahari ya joto hupita karibu nayo.

Ukarimu wa Meneja

Mji wenyewe uliwekwa msingi mwaka 1900 chini ya Hjalmar Lundbohm, mtaalamu wa mawe aliyekuwa meneja wa mgodi hadi 1920. Bwana huyu aliona vibanda vya taabu vilivyoota katika mji mwingine wa madini, Malmberget, akaazimu kwamba kwake visiote. Aliita wajenzi stadi wapange mitaa yenye kupinda-pinda mlimani ili kuuvunja upepo. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali, na tangu 1907 palikuwa na tramu za kuwapeleka watu kazini. Kanisa la mbao, lenye umbo linalokumbusha hema la Wasami, lilikamilika mwaka 1912, nalo ni miongoni mwa majengo yanayopendwa sana katika Uswidi nzima.

Ni nani atakayeudharau ukarimu huo? Lakini ukarimu ni jambo moja, na haki ni jambo jingine. Serikali ilichukua nusu ya kampuni mwaka 1907, na mwaka 1957 karibu yote. Wengi walidhani kwamba mgodi ukiisha kuwa mali ya umma, malalamiko yatakwisha. Haikuwa hivyo. Tarehe 9 Desemba 1969 wachimbaji wa Svappavaara, jirani ya Kiruna, waliweka zana chini. Walichoka kulipwa kwa kipimo cha kazi na kupimwa kwa saa mkononi, kana kwamba mtu ni mashine. Mgomo ulienea hadi Kiruna na Malmberget, ukawakusanya watu wapatao 5,000, ukadumu siku 57 katikati ya majira ya baridi. Nao ulifanyika pasipo idhini ya viongozi wa chama chao wenyewe. Baada ya hayo mishahara ya mwezi ilishika mahali pa malipo ya kipimo, na mwaka 1976 Uswidi ilipitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi nchini kote nafasi ya kushauriwa katika mambo ya kazi. Neema za Lundbohm zilitolewa. Haki hizi zilidaiwa.

Mgodi Waula Mji

Tabaka la chuma la Kiruna lina urefu wa kilomita nne hivi, nalo halikusimama wima, bali limelala kwa mshazari kuelekea chini ya mji. Siku za kwanza watu walichimba juu ya mlima. Tangu miaka ya 1960 kazi yote imekuwa chini. Ngazi kuu ya leo huitwa 1,365, yaani mita 1,365 zikihesabiwa tangu kilele cha mlima ulivyokuwa zamani. Chuma kikiondolewa, mwamba wa juu huporomoka kujaza nafasi, na nyufa hutambaa kuelekea makazi. Usiku wa manane baruti hulipuliwa, na watu vitandani husikia nyumba zikitikisika. Mwaka 2004 ilitangazwa wazi kwamba mji hauna budi kuhama.

Basi mji wahama. Jumba jipya la halmashauri lilifunguliwa 2018, na madukani watu walianza kwenda katika kitovu kipya, kilomita tatu upande wa mashariki, mwezi wa Septemba 2022. Mwezi wa Agosti 2025 kanisa lile, lenye uzito wa tani 672, liliinuliwa zima likabebwa juu ya magurudumu kwa siku mbili, mwendo wa kilomita tano, na mfalme wa nchi akaja kutazama. Dunia nzima ilistaajabu. Lakini nyumba nyingi za watu hazikubebwa, zilibomolewa. Mwenye nyumba hulipwa bei ya soko na robo yake juu, au hupewa nyumba nyingine. Mpangaji hupata chumba kipya chenye joto na dari safi, lakini kodi yake ni kubwa kuliko ya zamani, na jambo hilo limeleta manung'uniko. Kisha mwezi huo huo wa Agosti kampuni ikatangaza kwamba watu wengine wapatao 6,000 watapaswa kuhama katika miaka kumi ijayo.

Yanayowavuta Wageni

Pamoja na hayo Kiruna haikukosa uzuri. Wageni huja kutazama mianga ya kaskazini, ile nuru ya kijani inayocheza mbinguni kama pazia. Katika kijiji cha Jukkasjärvi hujengwa kila mwaka hoteli kwa barafu ya mto Torne. Mlima Kebnekaise, mrefu kuliko yote katika Uswidi, uko katika wilaya hiyo, na kituo cha Esrange kimekuwa kikirusha roketi za uchunguzi tangu 1966. Walakini mji wenye kutazama mbinguni kwa roketi hauna wodi ya uzazi. Mama mwenye uchungu husafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Gällivare.

Wasami nao wana hoja yao. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kuwa karibu na mji ipo hazina ya zaidi ya tani milioni moja za madini adimu yatumikayo katika magari ya umeme. Wafugaji wanasema kwamba njia za kulungu wao zimekwisha bana, na mgodi mwingine utazikata kabisa.

Sasa tulijibu swali letu. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nyumba nzuri, shule nzuri na tramu, kama zatoka katika hisani ya mwenye mgodi, ni nguo ya kuazima, hata mwenye mgodi akiwa ni serikali. Siku madini yakidai nafasi, nguo huvuliwa. Kinachobaki mwilini mwa mfanyakazi ni kile alichokiandikisha katika sheria: malipo ya robo juu ya bei, na haki ya kushauriwa kabla ya jambo kuamuliwa. Watu wa Kiruna hawawezi kuuzuia mwamba usiporomoke, lakini wamejifunza kuuliza mapema ni nani atakayelipa. Kila mji ulioegemea mgodi yafaa uulize hivyo wakati ardhi yake ingali imara.