Mutoto Anayekawia Kusema Hajarogwa

Mu kambi za wachimbaji, toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, mutoto akifika miaka mitatu bila kusema, majirani wanaanza kusema kwa nafasi yake. Mumoja anasema amerogwa. Mwingine anasema ni mukaidi, fimbo itamufungua kinywa. Watu wote wanatoa shauri, lakini hakuna anayeuliza: masikio yake yamekwisha kupimwa?

Sisi wa sindika tunaandika hii mambo juu wazazi wengi wanaificha kwa haya. Haiko ya haya. Wachunguzi wa Ulaya walikuta katika darasa la watoto 30, karibu 2 wako na shida ya lugha. Wengine walitokwa usaha mu masikio muda murefu, hawasikie muzuri. Wengine walipata malaria ya bongo ao meninjiti. Wengine wanasikia, akili iko, lakini maneno yanakuja polepole tu. Fimbo haitibu hata mumoja.

Angalia alama hii: kwa miaka miwili, mutoto anaanza kuunganisha maneno mawili, kama "mama, mayi". Kama hajafika pale, usingojee aanze masomo.

Kazi ya kwanza ni ya nyumbani, na hailipishe kitu. Ukitoka posti, ikala chini, macho yako na yake yawe sawasawa. Akisema "motoka", muongezee: "Ndiyo, motoka kubwa inapita." Usimucheke, usimwambie "Sema muzuri!" Wewe rudilia neno vile linasemwa, basi. Muulize: "Unataka samaki ao sombe?" Kisha nyamaza, umungojee. Mama akisonga bukari, ataje kila kitu anachoshika. Nyimbo na hadisi za magaribi nazo ni dawa.

Kuna wanaosema tuache Kiswahili, tumusemeshe Kifaransa tupu juu asichanganyikiwe. Hapana. Lugha mbili hazileti hii ugonjwa. Musemeshe kwa lugha unayoijua muzuri, ndiyo atapata maneno mengi.

Kazi ya pili ni ya muajiri. Kodi ya kazi ya 2002 inamulazimisha kutunza afya ya mufanyakazi pamoja na jamaa yake. Masikio ya muchimbaji yanapimwa juu ya kelele ya mashini. Ya mutoto wake nayo yapimwe. Muombe munganga wa kampani aandike barua ya kumutuma kwa munganga wa masikio, na kwa ortofonisti, ni kusema mutaalamu wa kufundisha kusema. Hao si wengi kwetu, kwa hiyo barua isikawie.

Wakikukatalia, uombe jibu lao kwa maandishi, ulete karatasi kwa delege wako. Maneno ya kinywa hatuwezi kuyaweka juu ya meza ya mazungumzo, karatasi, ndiyo.

Tunapigania mushahara na usalama wa shimoni. Mutoto ambaye hawezi kusema pahali anaumwa, naye ni usalama wetu.