Homa Isiyosikia Dawa: Malale Yanapokuja kwa Sura Nyingine

Jina la ugonjwa linaweza kumponza mgonjwa. Kwa Kiswahili tunasema malale, yaani ugonjwa wa usingizi, na kwa sababu hiyo wengi husubiri mgonjwa aanze kusinzia ndipo waseme, "Haya ni malale." Akisubiri hivyo mtu wa Robanda au Nata, huenda akachelewa. Malale ya upande wetu wa mashariki ya Afrika yana haraka. Mgonjwa anaweza kufa kwa moyo, kwa kutokwa na damu au kwa homa kali kabla hajasinzia hata siku moja.

Malale ya binadamu ni ya aina mbili. Ya Afrika Magharibi na Kongo huenda polepole. Mtu anaweza kuwa nayo mwaka mzima au miaka kadhaa akiendelea na shughuli zake. Ya kwetu husababishwa na kimelea kiitwacho tripanosoma cha aina ya rhodesiense, kilichotambuliwa mwaka 1910, na bila matibabu mgonjwa kwa kawaida hamalizi miezi sita. Wote wawili huletwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Vitabu vingi vya zamani vya mafunzo ya uganga vilieleza zaidi aina ya magharibi: tezi za kisogoni zinavimba, mgonjwa anadhoofu taratibu, kisha analala. Mhudumu aliyejifunza hivyo akimpapasa kisogo mgonjwa wa Ikoma na kukuta hakuna kitu, anaweza kuyaondoa malale katika mawazo yake. Kumbe kwa malale ya kwetu tezi zikivimba, mara nyingi ni za kwapani, kwenye kinena au chini ya taya.

Kwa nini tunaitaja Ikoma? Kwa sababu ugonjwa huu una historia ndefu hapa. Katika miaka ya 1920 madaktari wa serikali ya Mwingereza walikuta wagonjwa wa malale Ikoma na Maswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, na wenzake walipima damu ya wanyama wa Serengeti na kukuta vimelea vya jamii hii ndani ya wanyama mbalimbali, wakiwamo simba na fisi. Mwaka 2001 wasafiri wapatao 9 waliotembelea hifadhi za Tanzania, wengi wao Serengeti, waligunduliwa kuwa na malale baada ya kurudi kwao, ndani ya miezi michache tu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha habari za ng'ombe wachache wa wilaya ya Serengeti waliokuwa na kimelea kile kile kinachougua binadamu. Na mwaka 2012 wasafiri wawili walitoka na ugonjwa huu Maasai Mara, ambako ni pori hili hili moja, ingawa mpaka wa nchi unapita katikati.

Tangu hapo wagonjwa wamepungua sana. Duniani kote wanaogunduliwa na aina hii ya mashariki mara nyingi hawafiki 100 kwa mwaka, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya jamii nchini Kenya. Hizo ni habari njema, lakini zina upande wake mwingine. Mhudumu kijana aliyepo zahanati leo huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malale hata mmoja. Na kimelea hakijaondoka. Kimo ndani ya nyati, pongo, simba na baadhi ya ng'ombe, kinangoja mbung'o.

Sasa tutazame jinsi ugonjwa unavyojificha. Tuchukue mfano wa kijana, tumwite mchunga ng'ombe, aliyeumwa na mbung'o mchana karibu na mto Grumeti. Kuumwa kwenyewe anakukumbuka, maana mbung'o anauma kwelikweli, lakini nani atakayekwenda zahanati kwa ajili ya mbung'o? Baada ya wiki moja au mbili panatokea uvimbe mwekundu unaouma mahali pale, kama jipu lisilotoa usaha. Kwa mtu mweupe huonekana haraka. Kwa mtu mweusi aliyezoea miiba na kuumwa na wadudu, hupita bila kuangaliwa. Wengine hawapati uvimbe huo kabisa. Kisha homa inaingia, kichwa kinauma, viungo vinauma, na hapo kila mtu, mgonjwa mwenyewe akiwa wa kwanza, anasema ni malaria.

Anapewa dawa ya malaria. Baada ya siku tatu homa inashuka. Kila mmoja anashukuru. Baada ya siku kadhaa inapanda tena, anapewa dawa nyingine, inashuka tena. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo naomba nieleze kwa nini homa hii hupanda na kushuka yenyewe. Tripanosoma amevaa koti la protini. Mwili unalitambua koti hilo, unatengeneza kinga na kuwaua karibu wote. Wachache waliokwisha badilisha koti wanabaki, wanazaana, na mwili unaanza vita upya. Kila wimbi ni homa. Kwa hiyo homa iliposhuka, dawa ya malaria haikuwa na sifa yoyote.

Hiyo ndiyo njia ya kawaida. Lakini zipo sura za nadra ambazo mhudumu na jamaa za mgonjwa wazijue.

Moyo kwanza. Kimelea huingia katika misuli ya moyo na kuiwasha. Mgonjwa hupata mapigo ya kasi hata akiwa amelala, anahema akipanda kilima kidogo, miguu inavimba. Kijana wa miaka 25 aliyekuwa na nguvu za kulima, akaanza kuhema baada ya homa ya wiki mbili, si mgonjwa wa kupewa dawa ya kikohozi na kurudishwa nyumbani.

Wengine wanageuka manjano machoni, au wanatokwa na damu puani na kwenye fizi, kwa sababu ini limeumia na zile chembe za kugandisha damu zimepungua. Mgonjwa wa namna hii hudhaniwa kuwa na homa ya ini, na siku hizi watu wakiona damu huogopa zile homa kali za virusi na kumkimbia. Ni sawa kumtenga na kujikinga mpaka ijulikane. Lakini damu yake lazima pia iangaliwe kwa hadubini.

Wako wanaokonda, tezi zimevimba, homa za usiku haziishi. Jirani wamekwisha mhukumu: ni UKIMWI, au ni kifua kikuu. Apimwe hayo, ndiyo. Majibu yakirudi safi, safari isiishie hapo. Na hata akikutwa na virusi vya UKIMWI, hilo halimzuii kuwa na malale pia, kama vile kukutwa na malaria kusivyomzuia. Katika nchi ya mbu na mbung'o mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili.

Sura inayoleta uchungu mwingi katika familia ni ya akili. Vimelea vikiingia kwenye ubongo, ambavyo kwa aina yetu huweza kuwa ndani ya wiki chache tu, mtu mpole anakuwa mkali, baba mwenye aibu anavua nguo mbele za watu, mama anasahau chungu motoni na hajali. Usiku hapati usingizi, mchana anasinzia akiwa na tonge mkononi. Wengine mikono inatetemeka, au wakigongwa kidogo tu na ubao wa mlango wanasikia maumivu makali yasiyolingana na pigo lenyewe, tena yakichelewa kidogo kufika. Ishara hiyo inaitwa kwa jina la Kérandel, daktari Mfaransa aliyeugua malale mwenyewe akiwa Kongo. Wanawake hukosa siku zao, mimba huharibika, wanaume hupungukiwa nguvu. Familia inasema amerogwa au ana pepo. Anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, au kwenye maombi ya siku nyingi. Kuombea mgonjwa ni jambo jema, wala hakuna padre atakayekukataza kufanya hivyo mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mbaya zaidi ni pale sura hizi zinapotokea mbali na pori. Mtu alikuja Serengeti kuvuna asali, kukata nyasi za kuezekea, kuendesha gari la watalii au kujenga hoteli, kisha akarudi Mwanza au Dar es Salaam. Daktari wa huko hana sababu ya kufikiri mbung'o. Maneno manne tu, "Nilikuwa Serengeti mwezi uliopita," yanaweza kumwokoa kuliko vipimo vya gharama.

Tuje kwenye kupima. Zamani mgonjwa wa homa alitolewa damu kidoleni, ikawekwa juu ya kioo, na mtu wa maabara akaitazama kwa hadubini akitafuta malaria. Mara nyingine, bila kuyatafuta, aliyakuta malale. Siku hizi zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka, kile cha kutia tone la damu na kungoja mistari. Ni kipimo kizuri, kimesaidia sana. Ila kinajibu swali moja tu: malaria ipo au haipo? Tripanosoma akiwa amejaa tele katika tone lile lile, kipimo hakitasema neno. Vipo vipimo vya haraka vya malale, lakini ni vya aina ya magharibi. Kwa aina yetu havisaidii.

Kwa hiyo katika vijiji vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba, kanuni iwe hivi: homa iliyotibiwa na kurudi, au kipimo cha haraka kilichosema hakuna malaria, ni lazima damu itazamwe kwa hadubini. Kama zahanati haina, mgonjwa apelekwe Mugumu. Aina yetu ina jambo moja la heri: vimelea huwa vingi katika damu, hivyo huonekana kwa urahisi kuliko vya magharibi. Katika tone bichi utaviona vikichezacheza na kuzisukuma chembe nyekundu. Visipoonekana leo, damu irudiwe kesho na keshokutwa, kwa sababu ya yale mawimbi tuliyoyaeleza.

Matibabu yamebadilika, na hii ni habari ambayo wengi hawajaipata. Kwa miaka mingi mgonjwa wa mapema alipewa suramini, sindano ya mshipani iliyoanza kutumika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ugonjwa ukishaingia ubongoni ilibaki melasoproli, dawa ya mwaka 1949 yenye aseniki ndani yake, yaani sumu. Iliunguza mshipa kama moto, na kati ya wagonjwa 100 waliopewa, 3 hadi 10 waliuawa na dawa yenyewe. Ili kujua ugonjwa umefika wapi ilibidi kutoa maji ya uti wa mgongo, jambo lililowatia watu hofu wakatoroka wodini. Kati ya mwaka 2006 na 2009 utafiti uliofanyika Kaliua, Tabora, na Lwala, Uganda, ulifupisha matibabu ya melasoproli yakawa ya siku 10, lakini sumu ilibaki sumu.

Kisha vidonge vya feksinidazoli vilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina yetu huko Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaviweka mbele ya dawa nyingine. Humezwa siku 10 mfululizo, pamoja na chakula, mbele ya mhudumu. Bila chakula havifyonzwi vya kutosha. Vinatibu ugonjwa uliomo katika damu na ule ulioingia ubongoni pia. Mtoto wa chini ya miaka 6 au wa chini ya kilo 20 hapewi, naye hutibiwa kwa dawa za zamani. Dawa za malale hutolewa bure kupitia Shirika hilo, kwa hiyo asikuuzie mtu. Na dawa za nagana za ng'ombe ziachwe kwa ng'ombe.

Mbung'o huuma mchana, dume na jike wote, na huvutwa na kitu kinachokwenda, kama gari, na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana utaviona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa ndani ya hifadhi, vimetiwa dawa ya kuwaua. Anayekwenda porini avae nguo nene za mikono mirefu, rangi ya udongo au majani makavu. Nguo nyepesi mbung'o huipenya.

Aliyemaliza vidonge arudi hospitali kwa tarehe atakazopangiwa, hata akijisikia mzima, na kila homa itakayompata katika miezi hiyo itazamwe kwa hadubini kabla ya kuitwa malaria.