Uzazi mgumu wa paka

Uzazi mgumu wa paka ni hali ya paka mwenye mimba kushindwa kuzaa bila msaada. Mimba ya paka huchukua takriban siku 65, na mara nyingi huzaa mwenyewe. Mtoto kutanguliza miguu ya nyuma ni jambo la kawaida.

Sababu zake ni misuli ya mfuko wa uzazi kuchoka, mtoto kuwa mkubwa au kukingama, au nyonga kuwa nyembamba, kwa mfano baada ya kuvunjika.

Dalili za hatari ni kusukuma kwa nguvu kwa dakika 30 bila mtoto kutoka, damu nyingi, au majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza.

Daktari wa mifugo huchunguza kwanza kama njia iko wazi. Dawa ya oksitosini huongeza uchungu, lakini njia ikiwa imezibwa inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Hapo tiba ni upasuaji. Mtoto aliyekwama havutwi kwa nguvu.

Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, mbali mno na Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa paka aliyeshikwa na uchungu. Kwa hiyo huko inafaa mtaalamu wa mifugo wa karibu ajulishwe kabla ya siku kutimia.